Mwakanuru na umbali wa nyota: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Juni hadi Septemba anga la Mbeya, Njombe na Iringa huwa safi mno. Mvua zimekoma, baridi imekaza, na ukitoka nje usiku na blanketi begani unaziona hata zile nyota ndogo ndogo zinazofanana na unga uliomwagika. Kila msimu huo tukikutana kutazama anga, maswali huwa ni yale yale, awe anauliza mwanafunzi, dereva wa lori au mzee aliyekuja kumfuata mjukuu wake. Linaloongoza ni hili: mmepimaje, wakati hakuna aliyekwenda? Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye swali hilo.

## Mwakanuru ni muda au umbali?

Ni umbali. Neno "mwaka" ndilo linalowapoteza watu, ingawa sisi wa huku ndivyo tunavyosema kila siku. Muulize mtu wa Mbeya kama Iringa ni mbali, hakutajii kilometa. Atakuambia, "Saa sita kwa basi." Hakuna anayedhani kwamba Iringa ni muda. Ametaja chombo ambacho mwendo wake unajulikana, akataja na saa, umbali ukajieleza wenyewe. Kwenye mwakanuru chombo ni nuru, na safari ni ya mwaka mmoja.

Tena nuru ni chombo cha kuaminika kuliko basi. Basi linasimama Makambako watu wachimbe dawa, linazuiwa na trafiki, linapunguza mwendo mlimani. Nuru ikiwa kwenye ombwe la anga haibadili mwendo: kilometa 299,792 na mita 458 kila sekunde. Wanasayansi wanauamini mwendo huo kiasi kwamba tangu mwaka 1983 mita yenyewe inaelezwa kwa kutumia nuru.

Zidisha mwendo huo kwa sekunde za mwaka mzima wa siku 365 na robo, yaani sekunde 31,557,600, upate kilometa trilioni 9.46. Huo ndio mwakanuru mmoja. Wengine husema mwaka wa nuru au mwaka wa mwanga. Ni kitu kile kile.

## Kwa nini msitumie kilometa tu?

Kwa sababu ya sifuri. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, Proxima Centauri, iko kilometa 40,000,000,000,000 hivi. Andika hivyo ubaoni mara tatu na lazima utasahau sifuri moja, halafu umekosea mara kumi. Miakanuru 4.24 inaandikika na inakumbukika.

Ndani ya mfumo wetu wa Jua, kwa upande mwingine, mwakanuru ni mkubwa mno. Huko hutumika kizio cha astronomia, ambacho ni umbali wa Dunia na Jua, kilometa milioni 149.6. Hakuna anayepima daftari kwa kamba ya kupimia shamba.

## Nipeni mfano ninaoweza kuuona kwa macho.

Huu ndio ninaoupenda. Chukua punje moja ya hindi, iweke Kabwe, mjini Mbeya. Punje hiyo ndiyo Jua. Dunia ni chembe ya unga usiyoiona vizuri, na inazunguka mita moja kutoka kwenye punje. Neptuni, sayari ya mwisho, iko mita 30, labda upande wa pili wa barabara. Mfumo wote wa sayari umeisha hapo.

Sasa twende kwenye nyota. Kwa kipimo hiki mwakanuru mmoja ni kilometa 63. Panda gari la kuelekea Iringa: Uyole, Inyala, Igurusi, unakaribia Chimala, ndipo unamaliza mwakanuru wa kwanza. Njiani hukukutana na nyota yoyote. Proxima Centauri iko kilometa 268, kwa hiyo utapita Makambako na kufika maeneo ya Mafinga ndipo uikute, nayo ni punje ndogo kuliko ya Kabwe. Kutoka Kabwe hadi Mafinga hakuna punje nyingine, ni vumbi na ubaridi tu.

Na katikati ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, yaani kundi kubwa la nyota ambamo Jua letu limo, ni miakanuru kama 26,000. Hapo mfano wangu unavunjika. Kwa kipimo hicho hicho ungetakiwa kwenda kilometa milioni 1.6, zaidi ya mara nne ya umbali wa kwenda kwenye Mwezi halisi.

## Nani alijua kwanza kwamba nuru ina mwendo?

Watu wengi wa zamani walidhani nuru inafika papo hapo. Galileo, katika kitabu chake cha 1638, alieleza jaribio la watu wawili wenye taa zenye vifuniko: mmoja afunue yake, mwenzake akiiona afunue na yeye. Lifanye kati ya vilima viwili vyetu vilivyoachana kilometa 10, na nuru itakwenda na kurudi kwa sehemu moja ya 15,000 ya sekunde. Utakachopima ni wepesi wa mkono wa mwenzako.

Ilihitajika njia ndefu zaidi, na Ole Rømer aliipata mwaka 1676 akiwa Paris. Mshtarii una mwezi uitwao Io, ambao huingia kwenye kivuli cha sayari hiyo kila baada ya saa 42 na nusu hivi, kama saa ya ukutani. Rømer aliona kwamba Dunia ikiwa inaelekea mbali na Mshtarii, Io "anachelewa", na ikiwa inakaribia, anawahi. Io hana kosa. Habari zake ndizo zinazotembea njia ndefu zaidi. Hesabu yake ilionyesha kwamba nuru huvuka upana wote wa njia ya Dunia kwa dakika 22. Leo tunajua ni dakika 16 na sekunde 40. Kwa mtu wa karne ya 17, hakukosea sana.

## Haya, mmepimaje wakati hakuna aliyekwenda?

Kwa pembe. Mpima ardhi hahitaji kuvuka mto ili ajue upana wake, na wewe unaweza kufanya hivyo leo kabla giza halijaingia.

Simama mahali pa wazi. Tafuta mkaratusi mmoja uliosimama peke yake ng'ambo ya bonde, wenye milima ya mbali kabisa nyuma yake. Kariri mti umeangukia sehemu gani ya milima. Tembea hatua kubwa 20 kwenda pembeni, tuseme mita 20, kisha utazame tena. Mti utaonekana umehama mbele ya milima. Nyoosha mkono na upime kuhama huko kwa kidole chako cha mwisho. Upana wake, mkono ukiwa umenyooka, ni karibu digrii moja. Kama mti umehama kidole kimoja, zidisha zile mita 20 kwa 57. Mti uko kama mita 1,140 kutoka uliposimama, na hujakanyaga bondeni. Ni jibu la kukadiria, lakini ni bora kuliko lile la "hapo tu" unaloambiwa kijijini, ambalo linaweza kuwa nusu saa au nusu siku.

Kuhama huko huitwa paralaksi. Kwa nyota, hatua 20 hazitoshi, hata kutoka Mbeya hadi ncha ya kaskazini hakutoshi. Hatua ndefu kuliko zote tulizonazo tunapigiwa na Dunia yenyewe. Januari tuko upande mmoja wa Jua, Julai tuko upande wa pili, kilometa milioni 300 kutoka tulipokuwa. Nyota iliyo karibu itakuwa imehama kidogo mbele ya zile za mbali.

Hicho "kidogo" ndicho kilichowatesa watu. Gawanya digrii moja mara 3,600, upate sekunde moja ya tao: ni upana wa sentimita moja ukitazamwa kutoka kilometa mbili. Wanaastronomia huhesabu nusu ya kuhama kwa nyota, na hakuna nyota hata moja ambayo nusu hiyo inafika sekunde moja ya tao. Tycho Brahe, mpimaji hodari wa karne ya 16, alitafuta paralaksi kwa macho matupu akaikosa, na hilo likamzidishia shaka kama kweli Dunia inazunguka Jua.

Aliyetangaza kwanza jibu la kuaminika ni Friedrich Bessel, mwaka 1838, kwa nyota iitwayo 61 Cygni. Alipata miakanuru kama 10. Kipimo cha leo ni 11.4. Lakini kuna habari ambayo sisi wa kusini tuna haki ya kuisimulia. Thomas Henderson alikuwa ameshaipima Alpha Centauri akiwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, mwaka 1832 na 1833. Alirudi Uskoti akayakalia mahesabu yake, na alipoyatoa mwaka 1839 sifa ilikuwa imeshachukuliwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Proxima nayo iligunduliwa huku huku kusini, na Robert Innes, Johannesburg, mwaka 1915.

Siku hizi kazi hii hufanywa angani. Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa Desemba 2013 na kuzimwa Machi 2025, kilipima mahali zilipo nyota karibu bilioni mbili.

## Parseki ni nini?

Ni umbali ambao nyota ingekuwa na paralaksi ya sekunde moja ya tao: miakanuru 3.26. Wataalamu wanaipenda kuliko mwakanuru kwa sababu inatoka moja kwa moja kwenye kipimo.

## Mwezi na Jua je?

Mwezi ndio rahisi. Wanaanga wa Apollo 11 waliacha huko vioo maalumu Julai 1969. Unapiga mwali wa leza, unasubiri sekunde mbili na nusu, unarudi, unagawanya kwa mbili. Wastani ni kilometa 384,400, na vioo hivyo hivyo vimeonyesha kwamba Mwezi unatukimbia sentimita 3.8 kwa mwaka. Kwa Jua njia haikuwa ya moja kwa moja: mwaka 1961 mawimbi ya rada yalirushwa kwenda Zuhura yakarudi, na umbali wa Zuhura ukishajulikana, wa Jua unatoka kwenye hesabu. Nuru ya Jua hutufikia kwa dakika 8 na sekunde 20 hivi.

Waliokuwa Rujewa tarehe 1 Septemba 2016, siku Jua lilipopatwa, waliona umbali huu kwa macho yao (na miwani, natumaini). Jua ni pana kama mara 400 kuliko Mwezi, na pia liko mbali kama mara 400, ndiyo maana kwetu vinaonekana karibu sawa. Siku ile Mwezi ulikuwa mbali kidogo kuliko kawaida, ukashindwa kulifunika Jua lote, ikabaki pete ya moto.

## Na nyota zilizo mbali sana, paralaksi ikishagoma?

Hapo tunahamia kwenye taa. Simama usiku kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma. Taa moja inakuja. Ni bodaboda iliyo karibu, au ni lori lililoungua taa moja, bado liko mbali? Huwezi kujua mpaka ujue ni taa ya aina gani. Ukishajua aina yake, uhafifu wake unakupa umbali: taa ikiwa mbali mara mbili, mwanga unaokufikia ni robo, ikiwa mara tatu, ni sehemu moja ya tisa.

Aliyeipata taa ambayo aina yake inajulikana ni Henrietta Leavitt, akifanya kazi Harvard, Marekani. Kuna nyota ziitwazo Kefeidi, ambazo hung'aa na kufifia kwa zamu, nyingine kwa siku chache, nyingine kwa wiki kadhaa. Mwaka 1912, kwa kutumia Kefeidi 25 za Wingu Dogo la Magellan, alionyesha kwamba inayopumua polepole ndiyo yenye mwanga mwingi. Basi hesabu siku za pumzi yake, ujue ukali wake halisi, linganisha na inavyoonekana, umepata umbali.

Mwaka 1923 Edwin Hubble aliipata Kefeidi katika Andromeda, iliyokuwa ikidhaniwa na wengi kuwa wingu la humu humu ndani ya galaksi yetu. Hesabu ikampa miakanuru kama 900,000, mbali nje kabisa. Andromeda ni galaksi nyingine! Lakini namba yake ilikuwa ndogo mno. Baadaye, mwaka 1952, Walter Baade alieleza kwamba Kefeidi ziko za aina mbili na zilikuwa zimechanganywa. Leo Andromeda iko miakanuru milioni 2.5.

Huo ndio udhaifu wa kazi nzima, na sioni sababu ya kuuficha. Paralaksi husahihisha Kefeidi, Kefeidi husahihisha milipuko ya nyota iitwayo supanova, na supanova hutupeleka mabilioni ya miakanuru. Ni kama kujenga ukuta: kozi ya kwanza ya tofali ikipinda, fundi atahangaika hadi kwenye lenta. Mpaka sasa kuna mgogoro mmoja ambao haujaisha. Kasi ya kutanuka kwa ulimwengu ikipimwa kwa ngazi hii ya paralaksi, Kefeidi na supanova inatoka kama 73, ikipimwa kwa mwangwi wa mwanzo wa ulimwengu, yaani nuru kongwe iliyobaki, inatoka kama 67 (kilometa kwa sekunde, kwa kila parseki milioni moja). Mtu amekosea mahali, au kuna jambo hatulielewi.

## Kimondo cha Mbozi kilitoka nyota gani?

Hakikutoka kwenye nyota. Lile bonge la chuma la Marengi, lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuanzia tani 16, ni jirani yetu. Asilimia 90 hivi ni chuma, kilichobaki kwa sehemu kubwa ni nikeli, mchanganyiko unaopatikana kwenye moyo wa vijisayari vilivyovunjika zamani. Vipande vingi vya namna hiyo vinatoka kwenye ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, ambako nuru ya Jua hufika kwa dakika kama 20. Tukiita vimondo "nyota zinazoanguka" tunavikuza cheo.

## Ni kweli kwamba nyota nyingi tunazoziona zimeshakufa?

Hapana. Hili linazungushwa sana kwenye simu na ni tamu kusimulia, lakini karibu nyota zote zinazoonekana kwa macho ziko ndani ya miakanuru elfu chache, na nyota huishi mamilioni au mabilioni ya miaka. Barua iliyochelewa wiki moja haimaanishi aliyeiandika amefariki.

## Basi nuru ninayoiona leo usiku ni ya lini?

Inategemea nyota. Castor, kwenye kundinyota la Mapacha, iko miakanuru kama 51: nuru yake ya leo iliondoka huko wakati reli ya TAZARA inatandikwa. Ya Aldebaran, jicho jekundu la Ng'ombe, ina miaka 65 hivi, karibu umri wa Uhuru wa Tanganyika. Ya Achernar, miaka kama 139, ilianza safari Mkwawa akiwa bado anatawala Uhehe, vita ya Lugalo ya Agosti 1891 bado haijapiganwa.

Halafu kuna Kilimia, lile kundi la nyota zilizosongamana. Wazee wa pwani waliifuata kwa kilimo na wakaiachia methali: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Iko miakanuru kama 440. Nuru yake iliondoka kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593.

## Huu si unajimu?

Hapana. Hatusomi nyota ya mtu, na hatujui utaoa lini.

## Tunaweza kufika?

Basi la kilometa 80 kwa saa lisilosimama lingechukua miaka 213 kufika kwenye Jua, na miaka milioni 57 hadi Proxima. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa Septemba 1977 na kinachokwenda kilometa 17 kila sekunde, kinahitaji miaka 49 hivi kutimiza umbali wa siku moja ya nuru. Mwakanuru mmoja kwa mwendo huo ni zaidi ya miaka 17,000.

## Ulimwengu una miaka bilioni 13.8. Mbona mnasema tunaona hadi miakanuru bilioni 46?

Swali zuri, na kwa kawaida huulizwa na yule mwanafunzi anayekaa nyuma. Chukua ule mpira wa tyubu ambao watoto hutengenezea manati. Weka siafu upande mmoja atembee kuja kwako, na wakati anatembea, wewe uvute mpira. Akifika, njia aliyoikanyaga mwanzoni imeshatanuka nyuma yake. Kule alikoanzia sasa ni mbali kuliko hatua alizopiga. Anga lenyewe linatanuka hivyo wakati nuru iko safarini. Safari imechukua miaka bilioni 13.8, lakini mahali ilipoanzia sasa pako miakanuru bilioni 46 hivi kutoka kwetu, kila upande.

## Nikiwa Mbeya au Iringa, kitu gani cha mbali zaidi naweza kukiona bila darubini?

Andromeda. Inapanda kiasi tu upande wa kaskazini. Iangalie Oktoba hadi Novemba, kati ya saa tatu na saa sita usiku, kabla mawingu ya mvua hayajatawala. Utaona doa la ukungu, si zaidi. Nuru hiyo ilishatembea miaka kama laki saba wakati Zinjanthropus wa Olduvai anaishi.

Upande wa kusini tuna kitu ambacho watu wa Ulaya hawakioni kabisa kutoka kwao: Mawingu ya Magellan, galaksi ndogo mbili, miakanuru kama 160,000 na 200,000. Mwishoni mwa Septemba amka saa kumi na moja alfajiri, mahali pasipo na taa, utazame kusini. Wingu Kubwa litakuwa limesimama kama theluthi moja ya njia kutoka kwenye upeo hadi utosini. Alpha Centauri ya Henderson ni rahisi zaidi: katikati ya Juni, saa tatu usiku, ndiyo inayong'aa kuliko zote mbili zinazouelekeza Msalaba wa Kusini. Ukienda kuitazama kutoka Kitulo, beba makoti mawili.